Uliza Fundi: Upepo wa tairi, kona na lami iliyolowa

Mvua zikianza Mwanza, barua za matairi huongezeka, na mwaka huu hazikuchelewa. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu ndani yake kuna ubishi ninaousikia kila mara bandani kwetu Nyakato, na ni ubishi unaoumiza watu.

Nimsikilize nani?

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Buhongwa na shule ninayofundisha iko Mkuyuni. Naendesha Toyota IST. Matairi nilinunua mapya mwaka jana na michirizi yake bado ina kina. Juzi mvua ilinikuta nimepita Mkolani naelekea Nyegezi. Daladala iliyokuwa mbele ikasimama ghafla, nikakanyaga breki huku nakata usukani kuikwepa, lakini gari likaendelea kwenda kulekule, halikunisikia kabisa. Nashukuru Mungu nilimgusa bampa tu. Tangu siku hiyo nimegundua kwamba hata kwenye lami kavu gari limekuwa zito kukata kona. Kituo cha mafuta kijana aliyaangalia matairi akasema upepo uko sawa. Shemeji yangu anasema kipindi cha mvua upepo ukipungua ni vizuri, kwa sababu tairi linakaa chini zaidi na kukamata barabara. Fundi mmoja naye akaniambia nijaze mpaka 44, maana ndiyo namba iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe. Nimsikilize nani? — Mwalimu, Buhongwa*

Marahaba mwalimu, na pole sana kwa mshtuko. Katika hao watatu hakuna hata mmoja aliyepima. Kijana alitazama, shemeji alikisia, na fundi alisoma namba isiyohusika na gari lako. Tuanze na shemeji, maana anachosema kina ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaopoteza madereva wengi.

Tuseme IST yako pamoja na wewe na mizigo midogo ina kilo 1,100. Uzito wote huo unakaa juu ya matairi manne, na kila tairi linagusa lami kwa kipande kidogo tu. Ukubwa wa kipande hicho unaweza kuukadiria kwa hesabu unayoweza kuwapa wanafunzi wako: chukua uzito uliokaa juu ya tairi, ugawe kwa mgandamizo wa upepo uliomo ndani. PSI ndicho kipimo cha upepo unachosoma kwenye geji, na PSI 32 ni kama kilo 2.25 kwa kila sentimita moja ya mraba. Kilo 275 gawanya kwa 2.25, unapata sentimita za mraba 122 hivi, yaani ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne ndivyo vinavyokupandisha mlima, vinavyokukatisha kona na vinavyokusimamisha nyuma ya daladala. Sasa punguza upepo hadi PSI 22, rudia hesabu ileile: kipande kinakua hadi sentimita za mraba 177. Tairi halisi haliifuati hesabu hii sawasawa kwa sababu na ubavu wake unabeba uzito kidogo, lakini mwelekeo ndio huo. Kwa hiyo shemeji akisema tairi limekaa chini zaidi, kwa hilo hajakosea.

Anapokosea ni kudhani kwamba eneo kubwa lenyewe linatosha. Upepo ukipungua, sehemu ya katikati ya uso wa tairi inapoteza nguvu ya kuikandamiza lami, uzito unahamia kwenye mabega mawili ya pembeni. Ndiyo maana tairi lililokaa muda mrefu na upepo mdogo linalika pembeni zote mbili huku katikati bado lina meno. Halafu kuna ubavu. Unapozungusha usukani, kinachogeuka kwanza ni rimu. Ubavu wa tairi unajipinda, kisha mpira ulioko chini, ule unaogusa lami, ndio unafuata. Tairi lenye upepo wake kamili hufanya hivyo haraka kiasi kwamba dereva hahisi kitu. Tairi lililolegea huchelewa. Dereva anaona gari halijageuka, anaongeza usukani, na ubavu ukishamaliza kujipinda gari linageuka lote kwa mkupuo, zaidi ya alivyotaka. Siku ukiwa na nafasi, simama pembeni ya mzunguko wa Buzuruga utazame matairi ya mbele ya magari yanayokata kona. Utaliona lililopungua upepo: rimu inasogea kuelekea nje ya kona, na ubavu unakunjika mpaka maandishi yake yanakaribia kulamba lami.

Sasa tuweke maji. Lami ikiwa na maji mengi, tairi lina kazi ya kuyasukuma pembeni na kuyapitisha kwenye michirizi yake ili mpira ufike chini. Mwendo ukizidi, maji hayapati muda wa kutoka. Yanajikusanya mbele ya tairi kisha yanaingia chini yake, na gari linaelea. Hapo usukani unakuwa mwepesi mkononi, breki haina maana, gari linakwenda lilikokuwa linakwenda. Watafiti wa NASA, Marekani, walilishughulikia jambo hili miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege zinazotua kwenye njia zilizolowa, wakapata kanuni rahisi: mwendo wa kuanza kuelea unategemea kipeuo cha pili cha upepo wa tairi. Kwa kilomita kwa saa, chukua kipeuo cha pili cha PSI, zidisha kwa 16.7. PSI 32 inakupa takriban kilomita 94 kwa saa. PSI 20 inakupa 75 hivi. Kanuni hiyo ilitengenezwa kwa matairi ya ndege na maji ya kina, kwa hiyo usiichukue kama ruhusa ya kukimbia 90 kwenye mvua. Tairi la gari dogo, hasa likiwa limechakaa, laweza kuelea mapema zaidi. Ninachotaka ukione ni tofauti. Ushauri wa shemeji unakupokonya kilomita karibu 20 za usalama katika msimu uleule anaodhani anakulinda.

Na kuna kingine kinachofanya mvua za kwanza kuwa mbaya kuliko za katikati ya msimu. Kiangazi chote lami inakusanya vumbi, mpira uliosagika na oili inayodondoka kwenye malori. Manyunyu ya kwanza yanavichanganya vyote hivyo kuwa utelezi. Mvua kubwa ikipiga kwa muda, inasafisha. Upepo sahihi haukuondolei utelezi huo. Mwendo mdogo na kuacha nafasi mbele ndio dawa.

Huyo fundi wa 44 sasa. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo alichoweka mwenye kiwanda cha tairi, asichotaka ukivuke. Tairi hilohilo linaweza kufungwa kwenye magari ya aina nyingi yenye uzito tofauti, na kiwanda hakijui wewe utalifunga kwenye lipi. Ukijaza 44 kwenye IST, kile kipande chako cha sentimita 122 kinashuka hadi kama 89. Katikati ya uso wa tairi inatuna, mabega yananyanyuka. Kwa siku chache utafurahi: usukani mwepesi, gari linaitika haraka. Lakini ukipiga breki kwenye lami yenye viraka, tairi gumu linadundadunda, na tairi lililo hewani halisimamishi gari. Ni kweli kwamba upepo mwingi unachelewesha kuelea, ila sehemu kubwa ya mvua unayoendeshea Mwanza si ya kuelea. Ni lami iliyolowa tu, na huko unahitaji mpira mwingi uguse chini sawasawa.

Namba yako iko kwenye gari lenyewe. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango; kuna kibandiko. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo maandishi utayaona ya Kijapani, lakini tarakimu ni zilezile. Utaona ukubwa wa tairi, kisha namba kama 220 au 230, hizo ni kPa, kipimo kingine cha upepo. 220 ni PSI 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Angalia vizuri kama mbele na nyuma zinatofautiana, na kama zinatofautiana usizisawazishe kwa sababu eti inapendeza. Matairi mawili ya mbele yawe na upepo sawa kati yao, na ya nyuma vivyo hivyo. Kushoto 24 na kulia 32, ukipiga breki gari litavuta kuelekea kushoto, na utapeleka gari alaimenti bure.

Pima asubuhi kabla hujatoka nyumbani, au gari likiwa limepumzika kwa muda wa saa tatu. Namba ya kwenye kibandiko ni ya tairi lililopoa. Tairi likishatembea hadi mjini linapata joto na geji inaweza kupanda PSI 4 mpaka 6. Ukiutoa upepo huo ili urudi 32, kesho asubuhi utaamkia 27. Joto la hewa lenyewe linabadilisha PSI moja kwa kila nyuzi 6 hivi. Na hata bila pancha, tairi zima hupoteza PSI moja au mbili kwa mwezi. Mwalimu, tangu ununue matairi mwaka jana yamepimwa mara ngapi? Matairi ya kisasa ubavu wake unatuna kidogo hata upepo ukiwa kamili, ndiyo maana yule kijana hawezi kutofautisha 32 na 24 kwa macho. Mimi mwenyewe nashinda nayo kutwa na simuamini mtu anayepima kwa macho wala kwa teke.

Nunua geji yako mwenyewe, ikae ndani ya gari. Za vituo vya mafuta zinaangushwa chini kutwa nzima, na nyingi zinadanganya. Ukishapima, paka mate au povu la sabuni kwenye mdomo wa valvu. Likitoa mapovu, pini yake inavuja, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Kifuniko cha valvu usikiache wazi, vumbi la Buhongwa likiingia mle ndilo linaloanza uvujaji.

Na kwa kuwa hukosi chaki: siku kavu, chora mstari mnene wa chaki kukatisha uso wa tairi la mbele, kuanzia juu ya ubavu mmoja mpaka mwingine. Tembea mita mia chache ukiwa na kona mbili tatu, kisha shuka utazame. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni ikabaki katikati, umepungua. Ikifutika mpaka ubavuni, tairi linakunjika na hupaswi kuendelea na safari kabla hujajaza. Kwa dalili ulizonieleza, usukani mzito na gari kuchelewa kuitika, naamini utakuta matairi ya mbele yamepungua sana. Ukijaza kwa kibandiko na bado ni zito, lete gari likaguliwe mguu wa mbele, yaani viungo vya matairi ya mbele na usukani.

Abiria wanalalamika linarusha

*Mwangaluka fundi! Napiga mchomoko, yaani nabeba abiria kwa gari dogo, kutoka Usagara kwenda vijijini Misungwi. Gari ni Spacio, matairi 175/70R14 84. Rafu rodi inarusha sana na abiria wanalalamika, kwa hiyo matairi ya nyuma nayaacha 24. Shida ni kwamba gari likijaa, kwenye kona mkia unataka kunipita. Na tairi la nyuma kushoto limeshanipasukia. Nifunge springi ngumu? — Dereva, Usagara*

Mwangaluka, mdogo wangu. Usiguse springi. Kwanza jaza upepo, halafu tuongee kuhusu abiria, na sehemu hiyo ya pili hutaipenda.

Tairi la mbele likiwa dhaifu kuliko la nyuma, gari linakataa kona na kwenda moja kwa moja. Linaogopesha, lakini dereva akiachia mafuta mara nyingi linarudi. Tairi la nyuma likiwa dhaifu, mkia unatoka nje ya kona na gari linageuka zima, na ukiachia mafuta ghafla uzito unakimbilia mbele, mkia unazidi kuwa mwepesi. Dereva mzoefu wa mashindano anaweza kulirudisha. Wewe una watu ndani. Matairi ya nyuma hayatakiwi kabisa kuwa chini ya namba ya kibandiko, na gari likiwa na mzigo, kama kibandiko chako kina namba ya mzigo kamili, fuata hiyo.

Kuhusu kupasuka. Juzi bandani nilivua tairi la gari la kazi kama yako. Kwa nje lilikuwa zuri tu, mwenyewe alitaka nizibe pancha aondoke. Nilipolitoa kwenye rimu nikalipindua, ukamwagika unga mweusi mwepesi, unabaki kwenye vidole na haufutiki kwa kitambaa. Nikapitisha kidole ndani ya ubavu: kulikuwa na mkanda kuzunguka tairi lote, mpira umekwaruzika, na kwa mbali nyuzi zinaanza kuonekana. Unga ule ni tairi lenyewe. Ubavu ukijikunja na kujikunjua kila mzunguko, kwa maelfu ya mizunguko, unapata joto, unajisaga kwa ndani, na siku ukifika lami ukakanyaga mafuta unapasuka. Tairi la namna hiyo sizibi, hata mwenye gari akikasirika. Siku nyingine likipata pancha, simama hapo fundi akilivua, mwombe akupindulie uone mwenyewe.

Namba 84 mwishoni mwa ukubwa wa tairi lako ina maana yake: tairi moja limepewa kubeba kilo 500, siyo zaidi, na hizo ni pale linapokuwa na upepo uliopangwa. Nyuma una matairi mawili, kilo 1,000. Tuseme gari tupu linalaza nyuma kilo 480. Pakia watu wanane nyuma ya dereva na abiria wa mbele kwa kilo 65 kila mmoja, ongeza gunia la mpunga kwenye buti. Hata ukihesabu kwamba sehemu ya uzito huo inabebwa na matairi ya mbele, nyuma umeshagonga kikomo au umekivuka, na upepo wako ni 24. Kujaza upepo zaidi hakuongezi kikomo cha tairi.

Ufahamu kwamba haya hayatokei kwetu tu. Mwaka 2000 Marekani, kampuni ya Firestone iliagiza yarudishwe mamilioni ya matairi, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya uso wa matairi kubanduka gari likiwa barabarani na magari kupinduka. Ubishi mmoja mkubwa wa sakata lile ulikuwa upepo: Ford ilikuwa imependekeza PSI 26, Firestone ikaja kusema iwe 30. Matairi yenyewe pia yalikuwa na kasoro, lakini joto, mzigo na upepo mdogo vikakutana mahali pamoja. Baada ya hapo ndipo sheria ya Marekani ikataka magari mapya yawe na taa ya kuonya upepo ukipungua, na hata taa hiyo kwa sheria yao huwaka upepo ukiwa umeshapungua kwa robo nzima.

Kwa hiyo: jaza nyuma kama kibandiko kinavyosema, kwenye rafu rodi punguza mwendo badala ya kupunguza upepo, na beba watu ambao gari lina viti vyao. Najua hesabu ya siku, bosi na mafuta. Lakini tairi halijui hesabu hizo.

Nimejaza Dar, Mwanza geji inasoma tofauti

*Fundi habari. Nilijaza 32 Dar es Salaam, kufika Mwanza nikalaza gari, asubuhi geji ileile ikasoma 33 na ushee. Sijaongeza upepo njiani. Pia nauliza kama naitrojeni ni bora. — Msomaji, Kirumba*

Geji yako ni nzima, kaka. Geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani ya tairi na hewa ya nje, na hewa ya nje inapungua kadiri unavyopanda. Dar iko usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari. Mpando huo peke yake unaongeza karibu PSI 2 kwenye geji bila mtu kugusa valvu. Kinachokuja kupunguza ni ubaridi: ulijaza kwenye joto la Dar, ukapima asubuhi ya Mwanza, hapo unapoteza chini kidogo ya PSI moja. Rekebisha kwa geji inavyosoma hapa, tairi likiwa limepoa. Ukishuka Dar, utaona limepungua, ongeza huko.

Naitrojeni: hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni asilimia 78. Ile ya kulipia ni kavu na inavuja polepole kidogo. Kwa gari la mtaani, fedha hiyo nunua geji.

Upepo wa ziwani pale darajani

*Fundi, tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe navuka na Noah yangu kila wiki kwenda Sengerema. Nikiwa katikati upepo ukipiga kutoka ziwani gari linayumba, lazima nilishikilie. Ni matairi? — Mfanyabiashara, Sengerema*

Sehemu ni matairi, sehemu ni umbo la gari. Noah ni ndefu kwenda juu na ina mbavu pana, na daraja lile lina kilomita 3 juu ya maji pasipo kilima wala mti wa kukinga. Kabla ya Juni 2025 ungekuwa umesimama kwenye kivuko, upepo usingekuhusu. Upepo ukisukuma bodi, matairi yaliyolegea yanaruhusu gari kusogea pembeni kidogo kabla hayajakamata. Unarekebisha usukani, nayo yanachelewa tena, na hapo ndipo unapoanza kuyumba kushoto kulia. Jaza kama kibandiko kinavyosema, hasa nyuma, na ukiwa na mizigo usiifunge juu ya paa. Pale darajani shika mwendo wa wastani na usukani kwa mikono miwili, na lori likikupita tarajia upepo ukatike kisha urudi ghafla.

Mchanga wa Kayenze

*Shikamoo fundi. Nanunua dagaa Kayenze na kuleta Mwaloni Kirumba kwa pikapu, Hilux ya mbili-mbili. Karibu na maji mchanga unaninasa kila mara, vijana wananitoza kunisukuma. Mmoja ameniambia nitoe upepo. Umeandika toleo lililopita kwamba upepo usipunguzwe. Sasa ipi ni ipi? — Mama dagaa, Kirumba*

Marahaba, mayu. Kijana amekwambia sawa. Lami na mchanga ni kazi mbili tofauti. Kwenye lami tunataka mpira mgumu kiasi, uitike usukani. Kwenye mchanga hakuna cha kukamata. Kinachohitajika ni uzito usambae ili tairi lipite juu badala ya kuchimba. Ukitoa upepo, kile kipande kinachogusa chini kinarefuka kwenda mbele na nyuma, na tairi linaacha kuchimba shimo lake lenyewe.

Ukiwa na gari tupu, simama kabla hujaingia mchangani, shusha matairi yote manne hadi PSI 18 au 20. Ondoka taratibu bila kuchomoa klachi kwa fujo. Usizidi kilomita 20 kwa saa, na usikate kona kali, kwa sababu tairi lenye upepo huo linaweza kuvuka ukingo wa rimu na kutoka. Likianza kuzama, acha mafuta mara moja. Ukilazimisha unazika ekseli. Rudi nyuma kwenye njia uliyokuja nayo, mchanga ule umeshashindiliwa.

Wakati wa kutoka una magunia nyuma, na hapo usifanye vilevile. Magunia ya dagaa wakavu ni mepesi kwa macho, lakini pikapu likijaa ni uzito wa kweli. Kama ni lazima kupunguza, matairi ya nyuma usiyashushe chini ya 25. Bora zaidi, acha gari kwenye ardhi ngumu na uwalipe hao vijana wakubebee magunia badala ya kukusukuma.

Nunua kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara, au hata pampu nzuri ya mguu. Kabla ya kuingia barabara ya kuja mjini, simama ujaze mpaka namba ya kibandiko, mbele na nyuma, huku ukiangalia geji. Kama kompresa imekufa siku hiyo, endesha polepole mpaka Igombe au popote utakapopata upepo wa kwanza, na mzigo upunguze kabla hujaondoka Kayenze.